Bunduki Hudumu, Risasi Huisha

Ukizisimamisha risasi tatu juu ya meza, moja ya bunduki ya Kiingereza ya .303, ya pili ya G3 na ya tatu ya AK-47, mtu asiyezoea mambo ya silaha ataziona kuwa ni watoto wa tumbo moja waliopishana umri tu. Mitutu ya bunduki hizo inakaribiana mno kwa upana: milimita 7.7 kwa ile ya kwanza, na 7.62 kwa hizo mbili nyingine. Tofauti imo katika ganda la shaba linalobeba baruti. Ganda la .303 lina urefu wa milimita 56, na kitako chake kimezungukwa na ukingo. La G3 lina milimita 51. La AK lina 39 basi. Tofauti hizo, ambazo kidole gumba chatosha kuzifunika, ndizo zinazoifanya risasi ya bunduki hii ikataliwe na bunduki ile. Aliyekosa risasi ya namna yake hubaki ameshika mti uliotiwa chuma, na kwa kazi hiyo rungu ni jepesi zaidi.

Bunduki ya .303 ndiyo waliyoibeba wazee wetu wa keya, yaani askari wa King's African Rifles, na ndiyo iliyojulikana kuwa bunduki ya serikali katika Afrika Mashariki kwa muda wa nusu karne na zaidi. Imeundwa kwa chuma chema na mti mgumu. Ikipakwa mafuta na kuwekwa pakavu yaweza kumpita umri mjukuu wa aliyekabidhiwa kwanza. Lakini risasi yake, ambayo zamani ilimwagwa makambini kama mtama ghalani, leo ni ya kutafutwa kwa tochi, si hapa Kampala tu bali dunia nzima.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza habari hii yamhusu nini mtu anayehangaikia karo ya watoto na bei ya matoke. Yamhusu, kwa sababu serikali zote zilizopita juu ya vilima hivi kwa zaidi ya miaka 100 zimejitahidi kuzipunguza bunduki mikononi mwa watu, na karibu zote zimezihesabu bunduki. Nionavyo mimi, wangalipata hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli kama wangalihesabu risasi.

Gobori na mkatale wake mpya

Bunduki za kwanza zilifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani, zamani za Kabaka Ssuuna na mwanawe Muteesa. Zilikuwa gobori, zile za kumiminiwa baruti mdomoni na kushindiliwa kwa ufito. Gobori ni chombo chenye subira. Likikosa risasi ya timazi hukubali kipande cha chuma au kokoto, na fundi wa kijijini aweza kulitibu kila kiungo. Wapo wageni waliopita Buganda wakati ule waliowasifu wafua chuma wa Kiganda kwa namna walivyokitengeneza kitako kipya cha bunduki hata usiweze kukitofautisha na cha Ulaya.

Mambo yaligeuka pale majeshi ya Ulaya yalipoanza kubadilisha silaha kama mtu abadilishavyo kanzu. Uingereza ilichukua Snider mwaka 1866, ikaichukua Martini-Henry mwaka 1871, na mwaka 1888 ikaingia katika Lee-Metford, iliyokuwa ya kwanza kutumia risasi ya .303. Ufaransa nayo ilitoka katika Chassepot ya mwaka 1866 ikaenda katika Gras ya mwaka 1874, kisha Lebel ya mwaka 1886. Kila badiliko liliacha nyuma malaki ya bunduki zisizotakiwa tena kwao, na wafanyabiashara wakazipakia melini kuja pande zetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiarifu serikali yake kwamba bunduki zilizopita katika bandari za pwani hii zilifikia kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka.

Bunduki hizo za kufungulia nyuma zilipiga mbali na kwa upesi kuliko gobori, lakini zilikuja na mkatale wake. Risasi yake ni kitu kilichokwisha kutengenezwa kiwandani: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani na timazi mbele, vyote vimepimwa. Fundi hodari wa Mengo aliweza kuunda kitako. Mashine za kuvutia shaba na dawa ya kujaza fataki hakuwa nazo. Tangu siku ile mwenye bunduki alikuwa amefungwa kamba ndefu iliyopita ziwani, ikashuka nyika hadi pwani na kuvuka bahari. Aliyetaka kumtuliza hakuhitaji kumpokonya bunduki. Alihitaji kuikanyaga kamba.

Sanduku 31

Hakuna mahali ambapo kamba hiyo ilionekana waziwazi kama Wadelai, kando ya mto Nile, katika sehemu ambayo leo ni kaskazini-magharibi ya Uganda. Hapo alikaa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyeitwa Eduard Schnitzer alipozaliwa, ambaye tangu mwaka 1878 alikuwa liwali wa jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya serikali ya Misri. Askari wake, wengi wao Wasudani, walikuwa na bunduki za Remington walizopewa na Misri. Tarehe 26 Januari 1885 majeshi ya Mahdi yaliuteka mji wa Khartoum, na njia ya merikebu za mto ikafungwa. Nguo askari waliweza kufuma kwa pamba yao wenyewe, na chakula walilima. Risasi ya Remington haifumwi wala hailimwi.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alitumwa kwenda kumwokoa Emin. Aliandika wapagazi zaidi ya 600 kutoka Unguja, akazunguka nao kwa meli hadi mlango wa mto Kongo, ili aingie bara kutokea magharibi. Katika mizigo yake, kwa maelezo yake mwenyewe, kulikuwa na risasi 100,000 za Remington zilizotolewa na Misri. Hesabu hiyo ni nzuri inapoandikwa kwenye karatasi. Njiani, kila sanduku la risasi lilikuwa ni kichwa cha mtu mmoja, na vichwa vilikuwa vikipungua. Njaa, maradhi na mishale viliwaua Waunguja kwa mamia katika msitu wa Ituri. Sehemu kubwa ya mizigo iliachwa nyuma Yambuya ikingoja wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip. Wapagazi wakachelewa kufika, walinzi wa mizigo wakafa kwa njaa na magonjwa kambini, na mkuu wao, Meja Barttelot, akauawa Julai 1888.

Stanley alionana na Emin kando ya Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888. Masanduku ya risasi za Remington aliyomkabidhi yalikuwa 31.

Jaribu kukaa mahali pa askari wale. Miaka mitatu wameilinda bendera ya Misri bila mshahara wala barua. Wanaambiwa kwamba Khedive amewakumbuka, tena kwa mkono wa Mzungu mashuhuri. Kisha wanaonyeshwa wasafiri waliokonda, wenye matambara, na sanduku 31 za kugawana watu wa bataliani mbili. Wengi walikataa kuamini kwamba msafara ule umetoka Misri kabisa. Agosti 1888 walimkamata liwali wao wenyewe huko Dufile na kumweka kizuizini. Sisemi kuwa uhaba wa risasi peke yake ndio uliozaa maasi yale, maana yalikuwamo na manung'uniko mengine ya siku nyingi. Lakini ni vigumu kufikiri kwamba sanduku 500 zingepokewa kwa dharau ile ile.

Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889, wakafika Bagamoyo mwezi Desemba. Askari waliobaki, chini ya Selim Bey, walipiga kambi kwa Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, pamoja na wake zao, watoto na watumishi, wakaendelea kupiga baragumu asubuhi na kukagua bunduki ambazo chakula chake kilikuwa kikiisha.

Kilima cha Old Kampala

Anayepita leo chini ya msikiti mkuu wa taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008 juu ya kilima cha Old Kampala, anapita mahali alipopiga kambi Kapteni Frederick Lugard mnamo Desemba 1890, akiwa wakili wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mzinga wake wa Maxim ulikuwa mkuukuu, kwani ndio ule ule uliokuwa umevuka bara pamoja na Stanley. Hata jumba la makumbusho la Uganda, ambalo leo lipo Kitante, lilianzia katika ngome hiyo mwaka 1908, na watu wa mjini wakaliita nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi na mizimu, kwa sababu ya vitu vilivyokusanywa humo.

Miezi michache kabla Lugard hajafika, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalikuwa yametia sahihi Mkataba wa Brussels. Watu huukumbuka kwa habari ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vilivyokataza kuingizwa kwa bunduki za kufungulia nyuma, pamoja na risasi zake, katika nchi zote zilizo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, isipokuwa kwa mikono ya serikali na wale waliopewa idhini nayo. Gobori na baruti yake ya kawaida viliruhusiwa kwa masharti. Kwa maneno mengine, sheria haikuingia nyumbani mwa mtu kumpokonya Snider yake. Iliinyima chakula, ikangoja.

Ndipo mambo ya Buganda yanapoeleweka. Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waprotestanti wote walikuwa na bunduki, nyingi zikiwa zimeletwa na wafanyabiashara kama Charles Stokes, Mwairishi aliyewahi kuwa mmishonari kabla ya kuingia katika biashara, na ambaye alinyongwa na maofisa wa Kongo mwaka 1895 kwa shutuma za kuuza silaha. Lakini mwenye ghala la risasi na njia ya kulijaza alikuwa mmoja tu. Katika vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892, Lugard alikuwa amekwisha kuwagawia Waprotestanti bunduki kwa mamia kutoka ngomeni. Wapinzani wao walikuwa wengi na mashujaa. Jioni ile walikuwa wakikimbilia visiwani.

Na Wasudani wa Selim Bey? Lugard alikuwa amewafuata kwa Kavalli mnamo Septemba 1891. Alikuta askari kama 600 wenye silaha, pamoja na maelfu ya jamaa zao, akawachukua. Wengine aliwaweka katika ngome za Toro, wengine akaja nao Kampala. Hao ndio mababu wa Wanubi wengi wa Bombo na kwingineko, na ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi la Uganda Rifles. Walipoasi mwaka 1897, maofisa wa Kampala waliwanyang'anya silaha wenzao waliokuwa mjini. Tarehe 1 Januari 1902 jeshi hilo liliingizwa katika King's African Rifles. Kiswahili chetu hapa Uganda, ambacho Waganda wengi waliwahi kukichukia wakisema ni lugha ya mtutu, kimepita sehemu ya safari yake katika mistari ya askari hao. Lakini hayo ni makala mengine.

Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Waingereza ulileta kodi ya bunduki ya rupia tatu kwa mwaka kwa kila mwenye bunduki, sawa na kodi ya nyumba. Kabaka aliruhusiwa leseni 50 bila malipo kwa watu wa nyumbani mwake, Namasole leseni 10, mawaziri watatu leseni 20 kila mmoja, na mwenye shamba la zaidi ya ekari 500 leseni moja. Hivyo ndivyo desturi ya kuhesabu bunduki ilivyoanza kwetu kwa wino na karatasi.

Risasi zilizoanikwa juani

Vita Kuu ya Kwanza viliwapeleka vijana wa Uganda, katika bataliani ya nne ya keya, kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Wenzao wa upande wa pili, askari wa von Lettow-Vorbeck, wengi wao walikuwa na bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, iliyotoa moshi mzito mweupe kila ilipolia, ikamtangaza aliyeipiga. Meli za Kiingereza ziliifunga pwani. Mnamo Aprili 1915 merikebu iliyoitwa Rubens, iliyojifanya ni ya Kidenmark, ilipenya hadi ghuba ya Manza karibu na Tanga, ikapigwa mizinga na kuzama nusu. Wajerumani walizitoa ndani yake bunduki mpya na risasi mamilioni, zikiwa zimelowa maji ya chumvi. Kwa muda wa miezi, risasi ziling'olewa vichwa moja moja, baruti ikaanikwa, kisha zikafungwa tena. Hata hivyo si zote zilizokubali kulia siku ya haja.

Kufikia Novemba 1917 hata hizo zilikuwa zimepungua mno. Von Lettow alivuka mto Ruvuma, akaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano, na watu wake wakazitupa bunduki za zamani wakashika za Kireno, ambazo risasi zake zilikuwa hapo hapo. Walipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizozikabidhi zilikuwa karibu zote za Kireno na za Kiingereza. Jeshi lilikuwa limebadili bunduki kwa kuifuata risasi, kama mfugaji ahamavyo kwa kuyafuata maji.

Jinsi .303 ilivyoadimika

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilionekana kama risasi ya .303 haitaisha duniani. Ilikuwa imetengenezwa Uingereza, Kanada, Australia, India na Afrika Kusini kwa mamilioni yasiyohesabika. Lakini mwaka 1957 jeshi la Uingereza lilianza kuchukua bunduki mpya ya kujipakia yenyewe, inayotumia ile risasi ya milimita 51 waliyokubaliana nchi za Magharibi, na viwanda vya majeshi vikaligeuzia .303 kisogo. Bunduki zenyewe zilisogezwa nyuma: kutoka kwa mwanajeshi kwenda kwa polisi, kutoka kwa polisi kwenda kwa askari wa akiba na mlinzi wa mbuga. Kila hatua ilikuwa ya mtu mwenye fungu dogo zaidi la risasi.

Akiba ya zamani ililiwa kwa njia nyingi. Katika miaka ya 1980 bunduki za .303 na risasi zake zilikusanywa pembe nyingi za dunia, zikapelekwa Afghanistan kwa wapiganaji wa huko waliokuwa wakipambana na Warusi. Nyingine zilinunuliwa na wawindaji na wapenda kulenga shabaha wa Marekani na kwingineko, walioziona ni rahisi kuliko za dukani. Na kuanzia miaka ya 1990 serikali nyingi zilipendelea kuziharibu silaha za ziada kuliko kuziuza, zikihofia zitaishia wapi. Hofu ambayo sisi wa Maziwa Makuu hatuwezi kuilaumu. Hapa kwetu, Itifaki ya Nairobi iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004 inazitaka nchi wanachama kuzitia alama bunduki na kuziteketeza zilizozidi.

Zilizobaki zinauawa na umri. Risasi iliyofungwa vyema katika kasha la bati na kuwekwa pakavu penye ubaridi huweza kuishi miaka 60. Iliyokaa chini ya mabati ya joto letu, ikipitiwa na unyevu wa masika mawili kila mwaka, haina ahadi. Fataki hufa kwanza. Mara nyingine haifi kabisa bali husinzia: pini inaigonga, kimya, na mtu anapoanza kufungua bunduki aitazame, inalia. Aidha fataki nyingi za .303 za zamani zilikuwa na chumvi inayokula chuma, ndiyo maana askari wa zamani walifundishwa kuumwagia mtutu maji ya moto baada ya kupiga, jambo lililowashangaza vijana waliodhani maji ni adui wa bunduki.

Viwanda vyetu havikujengwa kwa ajili ya bibi kizee huyo. Kiwanda cha Mzinga cha Morogoro, kile cha Eldoret nchini Kenya, na Luwero Industries yetu ya Nakasongola vilianzishwa ili kuyalisha majeshi na polisi wa leo, wenye silaha za leo. Viwanda vya kigeni vinavyoendelea kutengeneza .303 hufanya hivyo kwa ajili ya wawindaji, katika pakiti ndogo za bei kubwa. Nchi kubwa zimekwisha kukata tamaa. Polisi wa jimbo la Uttar Pradesh nchini India waliiaga .303 kwa gwaride tarehe 26 Januari 2020, na askari wa akiba wa Kanada, walioibeba tangu mwaka 1947 katika nchi za barafu, walibadilishiwa katika miaka hiyo hiyo.

Karamoja

Mtu akisema kwamba haya ni mambo ya makumbusho, na apande basi aende Moroto.

Bunduki ziliingia Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, miongoni mwao Waswahili na Wahabeshi. Kule Uhabeshi risasi ilikuwa imekwisha kuwa kama sarafu ndogo sokoni. Mwaka 1911 Waingereza waliifunga Karamoja kwa wafanyabiashara na kupeleka doria ya keya. Njia ya risasi ikakauka, na bunduki zile zikanyamaza zenyewe. Katika miaka ya 1970, waliposhambuliwa na majirani wenye silaha, Wakaramoja walifua zao kwa mabomba ya chuma, wakaziita amatida.

Kisha ukaja mwaka 1979. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili, na askari wa Idi Amin wakaikimbia kambi ya Moroto. Wamatheniko waliokuwa jirani waliingia ghalani, wakatoka na bunduki kwa maelfu pamoja na makasha ya risasi, mengine wakiyabeba kwa punda. Wengi husimulia habari za bunduki zile. Mimi nauliza habari za makasha, kwa maana hata ghala kubwa halitoshi kwa miaka 40 ya kuibiana ng'ombe. Risasi za mwaka 1979 zilikwisha zamani sana. Zinazolia leo zililetwa baadaye, na kuna mkono uliozileta.

Hilo si fumbo lisilofumbulika. Kila risasi ya kiwandani ina alama kitakoni: herufi za kiwanda na tarakimu za mwaka. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey, taasisi ya Geneva, walitoa taarifa baada ya kuzisoma alama hizo katika Turkana Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wetu. Walieleza kwamba sehemu kubwa sana ya risasi zilizokuwa mikononi mwa watu ilitokana na zile za serikali, zilizotengenezwa Eldoret na kutolewa kwa askari wa akiba wa vijijini. Bunduki ya mfugaji haisemi imetoka wapi, imepita mikono kumi. Risasi imepita mmoja au miwili tu.

Serikali ya Uganda ilianza kukusanya silaha Karamoja Desemba 2001, kwanza kwa hiari, na bunduki karibu 10,000 zikapatikana. Kazi ililegea mwaka uliofuata jeshi lilipoelekezwa kupigana na waasi wa kaskazini, wale waliosalimisha wakavamiwa na wasiosalimisha, na wengi wakatafuta bunduki upya. Mwaka 2006 ikaja awamu ya kuzingira vijiji na kupekua, yenye uchungu mwingi kwa raia. Utulivu ulipatikana kwa miaka kadhaa, kisha uvamizi ukarudi, na mwezi Julai 2021 jeshi likaanzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Taarifa zake hutaja bunduki zilizopatikana, na baada ya hapo, kama chumvi juu ya mboga, idadi ya risasi. Ningependa kuona siku moja taarifa inayoanza na risasi: ni za kiwanda gani, za mwaka gani, na ghala gani lilitia sahihi kuzitoa. Mama wa Kotido au Napak ambaye mwanawe amekwenda machungani hapati usingizi kwa kuambiwa kuwa bunduki fulani zimechomwa moto, ikiwa bomba la risasi bado linatiririka.

Iliyofukuliwa shambani

Limebaki jambo moja la nyumbani. Nchi yetu imepiganiwa mara nyingi, na jembe la masika hufukua vitu. Sheria ya silaha ya mwaka 1970 hairuhusu mtu kuweka bunduki wala risasi bila kibali, hata ikiwa ni urithi wa babu aliyetumikia keya, hata ikiwa imeota kutu na risasi yake haipatikani popote. Mtoto haelewi habari ya uhaba. Yeye akiona shaba inayong'aa huiokota, huigonga kwa jiwe ili atoe kichwa, au huitupa jikoni aone itakavyolia.

Ganda tupu lina mdomo ulio wazi na ni jepesi, ndilo ambalo watu wa zamani waliligeuza kuwa kichupa cha ugoro. Lenye kichwa bado mbele ni zima, hata likiwa limegeuka kijani. Ukikuta katikati ya kitako chake pamebonyea nukta ndogo, ujue limekwisha kugongwa na pini mara moja likakataa. Hilo ni la kuogopwa kuliko jingine. Usilishike, usilisugue, wala usilifiche ndani ya chungu. Weka kijiti cha alama pale pale, waite watoto wote warudi uani, kisha mtume mtu mzima kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, nawe usimame hapo hadi waje.